Mtungi wa Hewa Kwenye Akdi ya Zaitun

Kwako Bi Mshauri, asalaam aleikum, nisaidie mawazo maana kichwa changu kimechoka. Kwetu ni Mloka, lakini nimekata boriti za mikoko Kiongoroni na kuchoma chokaa miaka kumi na moja, moshi ukanila mapafu, sasa nimepanga chumba hapa Kibiti niwe karibu na hospitali, wamenipa mtungi mdogo wa oksijeni wenye mpira wa puani, na kusema kweli tangu niupate nimerudi kuwa mtu, nafika sokoni, nafika msikitini, zamani hata chooni sifiki bila kukaa chini njiani. Shida ni kuubeba. Mimi najua kubeba begani tu, kama boriti, basi nautia kwenye kiroba cha mchele watu wasiuone, bega limevimba, na mpira unachomoka kila nikigeuza shingo. Juzi nimekaa kwa Mwanawetu muuza chapati, pembeni ya jiko lake, jirani yangu Dulla akasema mbele za watu, "Mzee Mrisho, hicho kiroba hukiachi hata ukienda kuswali, una chupa ya tembo humo?" Wakacheka, nikacheka nao, lakini iliniuma. Sasa binti yangu Zaitun anaolewa Mloka mwezi ujao na mimi ndiye walii wake. Nimemwambia mdogo wangu Haidari amwozeshe kwa niaba yangu, nikasingizia kazi. Zaitun akanipigia, "Baba, kazi gani hiyo isiyo na ruhusa ya siku moja?" Nikakata simu. Naona haya kukaa mbele ya shehe na mpira puani. Nimekosea?

Mrisho, Kibiti

Kaka Mrisho, wa aleikum salaam. Umekosea, na pole vilevile. Mapafu umeyamaliza kwa kulisha wanao, haya ya nini? Dulla amecheka kiroba, mtungi hajauona.

Kwanza ondoka kwenye jiko la Mwanawetu. Oksijeni hukoleza moto, cheche moja inatosha, na kiroba kinaikusanya hewa hiyo humo ndani. Kitupe. Nunua mitumbani begi la mgongoni lenye mikanda miwili mipana, au fundi cherehani akushonee la turubai, wazi juu. Mtungi usimame, ukae karibu na kiuno. Mpira uzungushe nyuma ya masikio, ushuke ndani ya shati, hautachomoka. Boriti ulikuwa ukiibeba mpaka chomboni ukaitua. Huu unashinda nao kutwa, ugawie mabega yote mawili.

Muulize muuguzi mtungi unadumu saa ngapi, ubebe wa akiba, na kipimo cha hewa walichokuwekea usikiguse. Garini uufunge usibiringike.

Haidari anaweza kukuwakilisha, dini inaruhusu, lakini wewe unatembea. Mpigie leo, mwambie ukweli, na mwambie chetezo cha udi kibaki uani, kisiletwe ulipokaa. Kisha mpigie Zaitun mwenyewe, asisikie kwa watu. Siku ikifika kaa, tulia, pumua mara mbili tatu, ndipo umwozeshe. Maneno yenyewe ni machache, pumzi uliyonayo inayatosha.