Kitenge Changu Kiko Carriacou

Furaha wangu,

Wivu haujaniisha. Nilidhani mtu akifa, ukamlilia mpaka macho yakavimba, wivu nao unazikwa. Haukuzikwa. Nimerudi nao kutoka makaburini, niko nao hapa saluni mtaani Jules Street, huku ugenini, nasuka nao vichwa vya watu.

Ile safari ilikuwa yetu wawili, unajua. Tulicheza wote kwenye kikundi cha ngoma, mle katika jengo la zamani la mjini lenye kanisa kila ghorofa, tukigombana nani kakosea hatua. Mwaliko wa tamasha ulipofika kutoka Carriacou, kale kakisiwa ka Karibi, tukashona vitenge vya sare, vya ndege wa buluu. Halafu mimba ya mwanangu Neema ikaniambia kaa chini. Ukaja kuchukua kitenge changu, ukiniita dada mkubwa kama kawaida yako: "Lete, yaya Riziki, nikakionyeshe bahari kwa niaba yako."

Ukarudi bila kitenge.

"Nimekiacha kwa Tantie Merle." Unasema hivyo huku unakula chakula changu! Nikauliza, kitenge changu mimi? "Eish, yaya, usikasirike, utamnyonyesha mtoto maziwa ya hasira." Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Toka hapo ikawa Tantie Merle asubuhi, Tantie Merle jioni. Mama mpishi, shangazi wa kila mtu kule, aliyewapokea nyumbani kwake, anayekuna kungumanga mbichi kwenye uji. Aliyekupeleka kwenye kile kisiwa cha mchanga mtupu, maji yake unaona mpaka vidole vya miguu. Ukanisimulia ngoma zao za mapipa, watu wamefanya duara, wanaita makabila ya wazee wao waliochukuliwa utumwani, moja moja, mpaka wakaita Kongo, kwetu. "Lugha waliwanyang'anya, yaya, lakini hatua ya Kongo wanayo. Niliingia kati, hakuna aliyenifundisha." Mimi nilikuwa nimesimama kwenye sinki, mtoto mgongoni, vyombo mkononi. Niliionea wivu hata miguu yako.

Na ile sahani. Wakifanya karamu, wanawaandalia kwanza marehemu wao meza yao peke yao, hakuna kugusa. Wewe na ulafi wako ukanyoosha mkono, Tantie akakuchapa kofi: "Waache wazee wale kwanza!" Tulicheka siku ile mpaka mteja akalalamika kwamba namvuta nywele.

Kisha kichwa kikakuuma, ukasema ni jua tu. Halikuwa jua, ni ugonjwa uliokuchukua.

Siku ya kuondoa matanga, kwa mama yako kule mtaani Turffontein, mama akanipa simu. Tantie Merle huyo, ananitazama kwenye video, analia, "Binti yangu, binti yangu." Furaha, damu ilinichemka. Binti yako? Umekaa naye siku ngapi? Mimi ndiye niliyemsuka mara ya mwisho, amelala, hawezi hata kusema kama nalegeza au nakaza. Kidole kilikuwa tayari kukata simu.

Akaigeuza ile simu. Meza, kitambaa cheupe, sahani yako ya samaki na wali. Pembeni, kitenge changu. Kimekunjwa vilevile nilivyokikunja mimi, mikunjo ya pasi yangu bado ipo. Akasema, "Alinikataza kukivaa. Alisema yule dada mwenye mimba atakifuata mwenyewe."

Kumbe!

Ulinijua. Ukiniambia twende kisiwani, nitasema mtoto, nitasema nimechoka, nitasema mwaka kesho. Lakini kitu changu kikikaa kwa mwanamke mwingine, nitavuka bahari. Mjanja wewe. Na bado nina wivu: kwa nini yeye alijua kabla yangu?

Na kwa nini ule kwake tu? Basi Jumapili, baada ya ibada, nilipika sombe, majani yetu ya muhogo, na bugali, nikakuwekea sahani kwenye kimeza cha dirishani. Pasta sikumwuliza. Nikatoka kuanika nguo za mtoto. Kurudi, Neema amepakaa sombe mpaka kwenye nyusi. "Finish," ananiambia, Kiingereza chao hicho cha creche, anakoshinda na watoto wenzake. Nilianza kumgombeza. Nikacheka. Halafu nikakaa chini sakafuni, nikalia kama siku ile ya kwanza.

Nilimpigia Tantie Merle. Ndiyo, mimi mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema hata kwao watoto ndio wanaomaliza sahani ya wazee, ndivyo mambo yanavyokwenda. Kwa hiyo ulikula. Ulikula kwangu.

Nimerudi kwenye kikundi. Mgongo unauma, magoti yamesahau, Neema anazunguka katikati yetu anatukanyaga. Akikua kidogo, akiweza kushika hatua, nitampeleka. Nimemwambia Tantie asikifue kile kitenge, asikipige hata pasi. Mikunjo yake nitaifungua mimi. Na siku wakiita Kongo, tutaingia duarani, mimi na mwanangu, nikiwa nimekivaa.

Mpaka siku hiyo, kula kwake ukitaka, sikukatazi. Lakini Jumapili ni zamu yangu.

Pumzika, mdogo wangu. Chakula kiko dirishani.

Yaya wako,
Riziki