Kuifunga Printa ya Baba Hasna

Jumatatu, 14 Julai 2025

Tumerudi jana kutoka Moshi. Baba Hasna alipoingizwa chumba cha vipimo, daktari akanibakiza mlangoni. Mishipa ya macho imeshakufa, akasema. Upasuaji utapunguza presha ya macho na maumivu. Kuona — hapana. Nimwambie mume wangu taratibu. Taratibu! Kwa maneno gani?

Njiani mwenyewe akatangaza: tunafunga studio yetu ya picha miezi sita, tunakwenda Tanga kwa binti yetu Hasna, macho yakipona tunarudi Karatu. Nikasema sawa. Ndoa ya miaka thelathini na moja, nami nasema sawa.

Naandika nimekaa mbele yake, daftari wazi. Zamani nililificha chini ya godoro. Kauliza naandika nini. Orodha ya mizigo, nimemwambia.

Jumanne, 15 Julai

Baridi na upepo. Vumbi jekundu mpaka kwenye sukari. Nimebandika tangazo mlangoni kwamba tunafunga.

Hasna kapiga simu. Eti tuiuze printa, wino utakaukia ndani bure. Baba yake kaninyang'anya simu. "Printa haiuzwi! Nikirudi nitafanyia nini kazi?" Hasna naye hajui alichosema daktari. Sijamwambia mtu yeyote.

Jumatano, 16 Julai

Leo tumeanza na printa. Yeye anaelekeza, mimi ni mikono. Kumbe haiachwi hivi hivi — wino hugandia kwenye hedi, kile kichwa cha kurushia wino, vitundu vyake vikaziba, ukija kuiwasha haitoi kitu. Kwanza tuhakikishe rangi zote sita zinatoka, ndipo tunyonye wino na kupitisha dawa ya kusafishia.

Nimechapisha karatasi ya majaribio. Mistari ya njano imekatikakatika. Tumesafisha hedi mara moja, nimechapisha nyingine. Kaniomba aione mwenyewe. Kaisogeza mpaka ikagusa pua.

"Njano imerudi," kasema. "Safi kabisa."

Karatasi ilikuwa imegeuka. Alikuwa anatazama upande mweupe.

Ningesema nini? Nimesema ndiyo, imerudi. Haikurudi.

Alhamisi, 17 Julai

Tulikuwa tumepanga kunyonya wino leo. Saa tano kafika Nanyokie, mwanamke wa Kimaasai, mteja wetu wa zamani, kutoka kule juu Ngorongoro, miguu imejaa vumbi. Mama yake kafariki mwezi wa nne. Picha yake anayo kwenye simu tu, na simu yenyewe kioo kimepasuka. Kasikia tunafunga. Kaja mbio.

Nilitaka nichapishe mimi. Baba Hasna kakataa. Huyu bibi nilimpiga picha hiyo mwenyewe, kasema, mlangoni kwake, kabla Nanyokie hajaolewa. Kapapasa karatasi, kaiweka kwenye trei, kaniambia nibonyeze tu.

Picha ikatoka. Ya Rabi! Bila njano, shuka jekundu la yule bibi limekuwa la pinki, na uso umepiga zambarau kama wa mtu aliyepigwa.

"Rangi zimekaaje?" kauliza. "Shuka lake lilikuwa jekundu."

Nanyokie kaitazama picha, kanitazama mimi, kamtazama Baba Hasna macho yake. Kaelewa.

"Jekundu, baba," kasema. "Jekundu kabisa. Ni mama mwenyewe."

Baba Hasna katabasamu. Tangu Moshi sijamwona akitabasamu.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nimemwambia Nanyokie asubiri. Nimesafisha hedi mara tatu, haraka haraka. Njano imerudi. Nimechapisha tena, na mama wa watu katoka na uso wake. Nanyokie kalia kwa kwikwi, picha kaiweka mbali na machozi.

Printa ilipokuwa inamalizia nikainua kichwa. Baba Hasna alikuwa amesimama kizingitini, fimbo mkononi. Sijui tangu lini. Kageuka, karudi zake nje. Ile printa anaijua kwa sauti, miaka tisa: ikisafishwa, ikichapisha tena.

Ijumaa, 18 Julai

Hakuuliza. Kaenda msikitini, karudi, kala kidogo.

Jumamosi, 19 Julai

Printa imefungwa. Nimenyonya wino wote kwa bomba la sindano, nikajaza dawa, nikaisafisha na kuchapisha, nikasafisha na kuchapisha. Namsomea kila karatasi. Nyeusi imekuwa kijivu. Pinki imefifia. Bluu imebaki kama maji ya kufulia. Sasa hakuna kitu. Leo nimemwambia kweli tupu, kila rangi.

Kaniambia nizime kwa kitufe chake, nisichomoe waya kwanza. Hedi irudi mahali pake, ijifunike. Tumesubiri mpaka ikatulia. Kisha nailoni, gundi, boksi. Isilazwe ubavu.

Halafu kataka niandike maelezo juu ya boksi. Ijazwe wino mpya, isafishwe mara tatu, ipumzike saa moja, ndipo ijaribiwe. Anayataja polepole, kama anaandikisha imla darasani.

"Andika herufi kubwa," kasema. "Atakayeitumia asihangaike."

Nimemuuliza, "Atakayeitumia nani? Si wewe?"

Kapapasa kingo za boksi.

Nimeuliza tena, tarehe ya kufungua niandike lini? Januari?

"Hapo paache wazi, Mama Hasna."

Nimepaacha wazi. Nimevuta daftari hili, maana sijui mikono niiweke wapi. Kapapasa benchi, kajisogeza, kanipa nafasi. Kasema niweke kalamu chini, nikakae pale karibu yake, nimweleze alichosema yule daktari wa Moshi — chote, nisipunguze.

Nimesema nakuja. Bado naandika.