Wa Kwako Ataombewa na Mwenzako

Mwanangu Zakaria,

Mama Benedikto tulimzika wiki iliyopita, na mvua haikutupa hata nafasi ya kusawazisha udongo. Wewe hukumjua sana. Ulimwona tu njiani akiteremka kutoka shamba la chai, yule mama wa Iringa mwenye kikapu mgongoni. Lakini yeye alikujua, na ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka asubuhi ile lori lilipowachukua ninyi mgambo kwenda vitani? Nilikufungia viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, ukaona haya mbele ya wenzako, ukavificha ndani ya koti. Ukaniambia, "Mama, Alhamisi mnitaje." Nikakujibu kwamba Alhamisi sisi wanawake tunawaombea wagonjwa, si watu wenye afya kama wewe. Ulicheka. Ulipenda kunitania kwamba ningezaliwa mwanamume ningekuwa mwenyekiti wa kijiji, kwa ninavyopenda kukusanya watu.

Basi nikawakusanya. Nilipita nyumba kwa nyumba kwenye ukungu nikimwita kila mama aliyekuwa na kijana kwenye lile lori, Walutheri wenzangu, na Mama Benedikto ambaye alikuwa Mkatoliki. Wengine wakanong'ona juu ya rozari yake. Niliwaambia lori halikuuliza dhehebu.

Siku ya kwanza ilikuwa fujo. Kila mmoja alimlilia wa kwake, kwa sauti, utadhani tunashindana nani ana uchungu zaidi. Nikaweka sheria: hakuna kumwombea wa kwako. Wa kwako ataombewa na mwenzako. Na huwezi kumwombea mtoto usiyemjua, kwa hiyo tulikaa tukipukuchua mahindi na kusimuliana habari zenu. Mama Benedikto ndiye aliyepewa wewe. Nikamweleza kidole chako ulichokikata kwa panga ukifyeka majani ya ng'ombe, na jinsi unavyonuna ukipewa makande yaliyolala. Akipiga magoti alisema, "Bwana, umrudishe Zakaria, yule wa kidole kifupi." Sisi wengine tulibana kicheko.

Wenzako wakaanza kurudi. Kila aliyerudi, mama yake alitupikia chai, akatafuta na sukari siku zile za shida, tukaimba, na Alhamisi iliyofuata hakuonekana. Huwa nasema siwalaumu, lakini nawalaumu.

Benedikto naye akarudi. Nilimwendea kumwuliza habari zako, akatazama miguu yake. "Shikamoo, mama. Tulitenganishwa, mama." Tangu siku hiyo akiniona njiani alikatiza mashambani. Nikajua na mama yake hatakuja tena. Alhamisi ilipofika nikamkuta mlangoni, amelowa.

"Wako si amerudi?" nikamwambia.

"Wako bado. Nani atamtaja?"

Tukaendelea wawili, mwaka baada ya mwaka. Mimi nilimwombea Benedikto, mzima wa afya, analima kabichi zake, na yeye alikuombea wewe. Serikalini halikuja neno. Mjomba wako alitaka tukufanyie matanga, nikamfukuza. Mtu anaombewa arudi, matanga ya nini?

Jana ilikuwa Alhamisi ya kwanza bila yeye. Niliweka vigoda viwili kwa mazoea. Nikamwombea Benedikto kama kawaida, nikafika kwenye zamu yako, nikanyamaza. Sheria ni yangu mwenyewe, lakini mdomo ulikataa kuivunja. Ndipo nikasikia hodi. Alikuwa Benedikto, kofia mkononi.

"Mama aliniachia wosia, nije nikae mahali pake."

Akakaa kwenye kigoda cha mama yake, akafanya ishara ya msalaba. Nilingoja lile neno nililolizoea, umrudishe. Yeye akasema, "Bwana, umpe Zakaria pumziko la milele."

Hivyo ndivyo Wakatoliki wanavyowaombea waliokufa. Sisi Walutheri hatuombi hivyo, lakini nilielewa. Alikuwa na wewe huko vitani hadi mwisho. Hilo ndilo alilokuwa akilikimbia njiani miaka yote, na mbele ya Mungu hakuweza kusema uongo. Sikuitikia amina. Alingoja kidogo, ameinamisha kichwa, kisha akasimama. "Nitakuja tena Alhamisi, mama," akasema, akatoka.

Tangu jana sijawasha moto. Nina hasira naye. Nina hasira na wewe pia, uliyepanda lile lori ukicheka. Na nina hasira na Mama Benedikto, maana sasa nafikiri mtoto wake alimwambia zamani, naye akaendelea kupiga magoti na kusema umrudishe, kwa ajili yangu.

Ila ulitajwa, mwanangu, kama ulivyoomba. Alhamisi Benedikto akija, akisema vile tena, nitaitikia.

Lala, baba. Vile viazi natumaini ulivila.

Ni mimi mama yako,
ambaye watu bado wananiita Mama Zakaria.