Mkono wa Mama na Jiko Ulilotuma

Mbugani,
Kyela.
9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Hebroni,

Ugonile? Habari za huko Mzuzu? Wifi Hellen na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, na mpunga wa Makwale umeshaingia ndani.

Nina hasira, nisikufiche. Kwenye simu ungenicheka tena, ndiyo maana nimempa jirani yetu Kisa barua hii avuke nayo mpaka.

Siku ile mama alipopigwa na umeme, nilimpigia Sylvester, rafiki yako, fundi uliyetuchagulia mwenyewe atuungie lile jiko la umeme ulilotuma. Kabla hata hajaja kuangalia, akakuambia mama alishika jiko na mikono ya maji. Nawe ukatupigia ukicheka: "Mama bado anadhani anapikia mafiga!" Simu ilikuwa kwenye spika, Hebroni. Mama alikuwa amekaa hapo hapo, kiganja kimebabuka.

Hukuona nilichokiona mimi. Alikuwa anageuza samaki, mbasa wa ziwani, mara nikasikia kishindo. Nikakuta sufuria chini, mama chini. Nilikimbilia swichi kuu kabla ya kumgusa. Waya ukutani ulikuwa unanuka kuungua.

Kesho yake Sylvester akaja, akarudia yale yale mbele yetu. Mama akamwambia:

"Mikono yako mikavu, baba. Washa, ushike sufuria."

"Ngoja kwanza nifungue nikague, mama."

"Ukague nini? Si umesema kosa ni maji yangu?"

Hakushika! Nikamwambia afungue basi. Jiko zima, sahani nne na oveni, alikuwa ameliunga kwenye waya mwembamba wa taa. Plastiki yake imeyeyuka. Na ule waya wa kupeleka umeme ardhini pale unapovuja, ule unaomwokoa mtu, alikuwa ameukata akauacha unaning'inia. Eti siku aliyoliunga waya mnene haukuwepo dukani. Sasa si angesubiri? Nilimtoa jikoni na begi lake.

Angetile, fundi wa hapa mtaani, ametuwekea waya mnene kutoka swichi kuu, una breka yake peke yake ya kukata umeme, na wa ardhini ameuunga. Jiko linafanya kazi, ila anayelitumia ni mimi. Mama halisogelei. Anapikia kuni nje kwa mkono mmoja, na wageni wakija anawaambia Hebroni wake amemnunulia jiko. Kicheko chako hajakitaja kwa mtu.

Mpigie. Usianze na jiko, anza na mkono wake.

Baba mdogo Moses na Janeth wanakusalimu sana. Wabusu watoto. Mungu aitunze nyumba yako, na mafundi wanaoingia humo awape hofu yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,

Yunis