Mjusi Wangu Ndani ya Chupa

Jumamosi, Bungoma. Jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimenuna tangu saa sita.

Nimerudi kutoka Kitale, nilikokwenda kumwona Rose, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu. Anakaa huko, mtaa wa Tuwan, na kufundisha biolojia. Alinipitisha shuleni kwao nione maabara yao. Kwenye rafu kulikuwa na chupa, na ndani yake mjusi wa milia, mkia mfupi uliopinda, tumbo limepasuliwa.

Nilimjua papo hapo.

Ni yule wa mawe ya nyumbani Myanga. Kuku alimnyang'anya mkia, ukamea tena vibaya hivyo. Kila wikendi nilimtazama akiota jua, tumbo likizidi kujaa. Na mimi mwalimu mzima nilingoja mayai! Nilichimbachimba kando ya mawe, wapi. Baadaye ndipo nikasoma kwamba wa aina yake huzaa. Jamaa zake wengine hutaga, wengine hata miguu hawana, watu huwaua wakidhani ni nyoka. Wiki mbili hizi sijamwona, nikadhani amejificha kuzaa.

Mahali pale nilimwonyesha Rose peke yake. Pasaka nilimkalisha kwenye stuli, tukanyamaza hadi mjusi akatoka. Kumbe Rose alirudi siku ya kazi, mimi nikiwa darasani, akamchukua. Nilipompigia mama simu kumuuliza, akashangaa: si ni rafiki yangu, angemfukuza vipi?

Rose hakuona hata aibu. "Ni mjusi tu, bana. Na wanafunzi walifurahi, walikuta watoto sita tumboni."

Sita. Wako kwenye chupa ndogo kando yake. Na kwenye karatasi iliyobandikwa chupani Rose ameandika ati wameletwa na Mwalimu Nafula wa Myanga. Mimi.

Nimelia kwa sababu ya mjusi, anayetaka kucheka acheke. Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimwamini.

Jioni hii amenitumia ujumbe. Sasa wanataka dume, anaweza kuja Jumamosi ijayo? Nikajibu, "Karibu sana."

Adabu gani hii ya kumkaribisha mtu aliyekuumiza? Nimejichukia nusu saa nzima.

Halafu nimeandika tena: "Usije, Rose."

Ameshasoma. Hajajibu, na mimi, mjinga, bado natazama simu.