Njia ya Nyuma ya Mibuni

Matiri, Alhamisi usiku

Na mimi nilishamwogopea baba mkwe uvimbe tumboni, kwa jinsi alivyokuwa akirudisha majani yangu ya maboga bila kuyagusa! Juzi daktari wa ile zahanati mpya ya binafsi alimuuliza, mume wangu akisikia, choo chake kikoje. Kigumu kama cha mbuzi, akajibu, kwa sababu anakibana mchana kutwa. Njia ya chooni inapita mlangoni pa jiko langu, naye anaona aibu mimi mkwewe nimwone akienda.

Nilikasirika. Si angemwambia hata mwanawe?

Jana mume wangu alifyeka njia nyingine, nyuma ya mibuni. Leo asubuhi nikasikia mlango wa choo ukilia. Nikainama, nikajifanya napuliza moto.

Mchana mzee akaita, "Mama, yale majani ya maboga yamebaki?"

Nikampelekea chungu kizima.