Dalali na Mto

Mjukuu wangu Festo, mume wangu wa pekee,

Marahaba. Huku Lipangalala tu wazima, na mama yako ameshavuna mpunga. Ila huyo dalali wako amenichefua. Eti kiwanja anachokuuzia kule bondeni ni salama kwa sababu Ifakara iko juu sana ya usawa wa bahari, nawe unaniuliza kama ni kweli?

Nilipokuwa msichana, kila masika tulihamia shambani tukilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo. Mjomba wangu alisimamisha nguzo ndefu kuliko zetu, akatucheka. Mto ulipofurika, maji yaliingia kwake, kwetu hayakufika. Yeye alipima kuanzia ardhi aliyosimama juu yake, nayo ilikuwa imebonyea. Baba alijenga juu ya kichuguu.

Ndiyo maana watu hupima kimo cha kila kitu kuanzia usawa wa bahari, ili kiwanja na mto vilinganishwe kwa kipimo kimoja. Dalali kakutajia kimo cha Ifakara, cha mto kakimeza. Muulize yeye amejenga wapi.

Bahari haijawahi kufika Ifakara. Mto hufika, na haupigi hodi.

Bibi yako, bado nimenuna.